Moshi wa Igombelo

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1974. Upepo wa kiangazi ulivuma tangu alfajiri, vumbi likatanda hata jua likachomoza jekundu kama kaa la moto. Getruda alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo ya nyumba yake mpya, akamwomba Mungu mambo mawili: ulimi wake usiseme uongo, na mama yake asionekane.

Mwezi wa Juni watu wa Igombelo walihamishwa, wakaletwa kwenye kijiji cha Ujamaa karibu na stesheni ya Igalula. Wote, ila Bibi Apolinaria, mama yake Getruda. Malori yalipokuja alijificha porini, kisha akarudi kwenye kibanda chake kando ya kaburi la mumewe. Kila asubuhi moshi wake ulionekana juu ya miti.

Majirani walijua ni moshi wa nani. Lakini kule Igombelo, kando ya njia ya zamani ya misafara, kulikuwa na rundo la mawe, kaburi la mpagazi aliyeanguka na pembe ya ndovu begani. Tangu enzi za mababu, kila apitaye humtupia jiwe au jani, asije akafuatwa na mzimu wake. Basi majirani wakaeneza habari kwamba mpagazi ameanza kupika. Wanamgambo wakaogopa kusogea. Hata mwenyekiti Luhende hakupita pale bila kutupa jiwe lake. Naye Getruda kila Jumamosi alikwenda na jani mkononi, na chini ya khanga unga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaviacha nyuma ya rundo.

Jioni hiyo, kwenye darasa la watu wazima, Mwalimu Kasimiri, kijana aliyetoka sekondari mwaka uliopita, aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza.

"Hili, 'imaginary', ni la kitu kilichomo kichwani tu. Na hili, 'legendary', ni la kitu kinachosimuliwa tangu zamani. Nipeni mifano."

"Bomba la maji tuliloahidiwa," akasema Flavia, jirani yake Getruda. Darasa likaangua kicheko.

Luhende, aliyekaa benchi la mbele kama mwanafunzi yeyote, akageuka. "Flavia, ulimi huo utakuponza. Mwalimu, mimi nakupa mpagazi wa Igombelo."

"Safi sana, Mwenyekiti! Huyo ni 'legendary'. Na moshi wake? Maiti hapiki. Moshi huo ni 'imaginary'."

Akaandika sentensi nzima. Akataka kila mmoja asimame, aisome, kisha aiseme kwa Kiswahili ili ajue anachokisema. Wakasimama mmoja mmoja: moshi wa Igombelo haupo, ni wa kuwazika tu. Flavia aliisema kwa sauti kubwa, karibu aimbe.

Ikafika zamu ya Getruda. Alisimama, akaisoma kwa Kiingereza bila kujikwaa, ingawa alikuwa amejifunza kusoma ukubwani ili aisome Injili mwenyewe. Kisha akataka kuketi kabla ya kuisema kwa Kiswahili.

"Sema, dada," Flavia akamnong'oneza. "Maneno ya darasani tu hayo."

Lakini moyoni Getruda alimwona Mtume Petro wa Injili akiota moto uani, usiku alipomkana Yesu. Naye alianza hivi hivi, kwa neno dogo, mbele ya watu waliokuwa hawana haja naye.

"Siwezi," akasema. "Moshi upo."

"Umeuona?" mwalimu akauliza.

"Naujua. Ni wa mama yangu. Mwenyekiti, ni mzee, hamdhuru mtu. Nakuomba aachwe pale."

Luhende alicheka, akacheka peke yake. Kisha akaacha. "Kumbe mimi, mwenyekiti mzima, nimekuwa nikitupa mawe ili bibi kizee apike kwa raha zake!"

Kulipokucha wanamgambo walikwenda. Moshi wa Igombelo siku hiyo ulikuwa mkubwa, mweusi, ukaonekana hata stesheni. Kabla ya adhuhuri Bibi Apolinaria aliletwa kwenye tela la trekta, masizi usoni, mikono mitupu. Kijiji kizima kiliitwa mbele ya ofisi.

"Mwalimu," Luhende akasema, "mpagazi wako huyo. Mguse uone kama ni wa kuwazika." Wachache wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Kasimiri alitazama viatu vyake.

Getruda akasogea, akainama. "Shikamoo, mayu."

Mama hakuitikia. Akauliza, "Nani amesema?"

Flavia akamshika Getruda mkono, lakini Getruda akautoa. "Mimi, mayu. Sikuweza kukukana."

"Wenzako walinikana kila siku, nami nikaishi."



"Wanasema wewe husemi uongo," mama akaendelea. "Ni kweli?"

"Sisemi, mayu."

"Basi ahidi mbele ya watu hawa. Mimi nitafia hapa, nitazikwa hapa, mbali na baba yako. Siku hiyo mkono wako usinitupie udongo. Watupe hawa, hata huyu mwenyekiti. Wewe usitupe."

"Bibi, msamehe mwanao," Flavia akasihi.

"Sijasema nawe. Getruda, ahidi. Waliosimama nyuma nao wasikie."

Getruda alimtazama Luhende, akamtazama mwalimu. Midomo yake ikacheza kama ya mtu anayesali. Kisha akasema kwa sauti, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa kusoma:

"Naahidi, mayu. Sitakutupia udongo."