Upande wa Jebet

Jumanne saa nne asubuhi Sylvia Nabwire alifika mtaa wa West Indies akiwa na futi ya kupimia, kitabu cha vitambaa vya mfano na viatu vya raba. Aliambiwa kwa simu avae raba kwa sababu sakafu ya sebule ilikuwa na mteremko. Sylvia alishona mapazia katika chumba chake cha kukodi kule Huruma, na kwa miaka tisa alikuwa amepamba nyumba nyingi za Eldoret, kwa hivyo hakuuliza ni mteremko wa nini.

Mama Jebet alimfungulia mlango, akamsalimia, kisha akamwonyesha mahali pa kushika. Sebule ilikuwa imelalia ukuta wa mashariki. Sofa zote zilikuwa zimeteleza hadi huko na kubanana kama ng'ombe kwenye josho. Ukutani juu yazo palikuwa na picha moja tu, ya msichana aliyevaa sweta ya kijani, akimchekea mtu ambaye hakuonekana.

"Huyo ndiye Jebet wetu," mama alisema. "Ilianza siku tuliweka hiyo picha."

Mumewe, Mzee Kipkorir, alikuwa ameketi upande wa juu, miguu ameikaza kwenye kapeti. Alieleza kwamba fundi wa mawe aitwaye Wabuge alikuja mara mbili kukagua msingi, na msingi ulikuwa sawa. Ukiwa nje, nyumba ilikuwa imenyooka. Walijaribu kuipeleka picha chumba cha kulala, nacho kikalala, wakaonelea afadhali sebule.

"Baada ya wiki tatu tuko na maombi ya mwaka mmoja tangu tumzike," mzee alisema. "Watu watatoka Moiben. Pasta atakuja. Sitaki wageni wateleze."

"Hiyo fremu iko na uzito gani?" Sylvia aliuliza.

"Haifiki nusu kilo. Tulipima."

Sylvia alipanda na kushuka chumbani mara kadhaa. Aliwaambia kwamba chumba hakijali kilo, kinajali kile jicho linaona ni kizito. Rangi iliyokoza inashinda iliyopauka, na kitu kimoja kinachovuta macho kinaweza kushindana na vyombo vya nyumba nzima. Ukuta wa magharibi ulikuwa mtupu, umepakwa rangi ya krimu.

"Huku hakuna kitu cha kumjibu," alisema.

"Basi jaribu," mama alisema.

Alhamisi alirudi na mapazia mazito ya rangi ya maruni, akayatundika kwenye dirisha la magharibi. Sakafu iliinuka vidole viwili. Mama Jebet alishikilia mlango hadi ilipotulia, kisha akaenda kuweka chai.

Wiki iliyofuata Mzee na Wabuge walisukuma kabati la vyombo hadi upande wa juu. Sylvia alitundika kioo kikubwa na saa ya ukutani. Mito miwili myekundu iliinua sakafu kidole kimoja. Mito ya kijivu haikufanya chochote, akairudisha dukani.

Walipokuwa wakitia kulabu kwenye pazia la pili, Mama Jebet alimweleza. Jebet alikuwa na miaka ishirini na minne alipokwenda ng'ambo kufanya kazi ya nyumba, kupitia ofisi moja ya hapa mjini. Mwezi wake wa pili huko simu yake ilichukuliwa. Mwezi wake wa saba alirudi kwenye sanduku, na karatasi iliyokuja naye ilisema kwamba alilala asiamke. Waliambiwa wasifungue. Mama alifungua.

"Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika," alisema, akimpa Sylvia kulabu nyingine. "Mtu akilala, vidole vinavunjika aje?"

Sylvia aliipokea, akaitia kwenye pazia.

Mzee Kipkorir alikuwa ameuliza kila mahali. Polisi walimwambia mambo hayo yalitokea nchi nyingine. Watu wa nchi ile nyingine walimwambia aulize ofisi iliyompeleka Jebet. Ofisi iliyompeleka ilikuwa ya kijana nadhifu aitwaye Collins, naye alimwambia asubiri barua.

Jumamosi ya maombi, sakafu ilikuwa karibu sawa. Mito, kioo, kabati, saa na mapazia vilikuwa vimekaza upande wao. Mama Jebet alivuka sebule kutoka mlango hadi dirisha bila kushika kitu. Akarudi. Akavuka tena, ingawa hakuwa na la kufanya dirishani. Watu wa Moiben waliyasifu mapazia, na mmoja akaomba namba ya Sylvia.

Collins alikuja pasta akiwa amemaliza kusoma zaburi na watu wameanza kula. Alileta shada la maua na barua. Aliomba dakika moja, akasimama karibu na mlango, akasoma kwamba mwajiri alisikitika, kwamba Jebet alikuwa mchapakazi na mwenye heshima, na kwamba uchunguzi ulionyesha alilala asiamke.

Picha haikusogea, wala msumari haukulegea. Ukuta wa mashariki ulishuka tu, polepole, ukapita pale ulipokuwa mwanzo. Kabati likafuata, na saa, na kioo. Wageni waliegemeana na kuinua sahani zao ili mchuzi usimwagike. Collins alishika fremu ya mlango, akamalizia mstari wa mwisho.

"Faili imefungwa."

"Na vidole?" Mama Jebet aliuliza kutoka upande wa chini.

"Mama, hiyo haiko kwa ripoti."

"Niliona na macho yangu."

"Naelewa, Mama. Poleni sana. Lakini mimi nasoma tu kile nimeandikiwa."

Alilaza shada sakafuni, nalo likateleza lenyewe hadi chini ya picha. Pasta akafunga kwa maombi, na watu wakamaliza kula.

Jumatatu Sylvia alirudi na kitambaa cheusi, kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alikitundika, akangoja. Sakafu haikuinuka hata unywele. Akajiongeza mwenyewe, akasimama chini ya pazia lile, mikono kiunoni, kwa robo saa nzima.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Sina kitu cha uzito huo."

"Hakuna mtu ako nacho," Mama Jebet alisema, akamwambia ashuke wanywe chai.

Wabuge alikuja na msumeno, akapunguza miguu ya viti upande wa juu ili angalau kuketi kuwe sawa. Alipigilia meza kwa misumari na kufunga kamba ukutani. Mama Jebet alizoea. Asubuhi aliteremka hadi kwenye picha bila kutumia nguvu, akaipangusa, kisha akapanda kwa kamba kurudi jikoni.

Kabla mwezi haujaisha, Collins alimpigia Sylvia simu. Alikuwa ameyapenda mapazia, na alikuwa amefungua ofisi kubwa zaidi, ghorofa ya pili. Sylvia alikwenda. Kazi zilikuwa chache, na pia alitaka kuiona sakafu.

Ukuta mmoja wa ofisi ulijaa picha za wasichana waliosafiri, kila mmoja na pasipoti mkononi. Jebet alikuwemo, wa nne kutoka kushoto. Chini yake, kwenye benchi, wasichana tisa walingoja kuitwa. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Sylvia aliweka kibiringo cha uzi sakafuni. Hakikubingirika. Alikijaribu mlangoni, kisha karibu na benchi, kisha chini ya Jebet kabisa. Kilitulia kila mahali.

"Auntie Sylvia!" Msichana mmoja benchini alikuwa Faith, jirani yake wa ploti ya Huruma. "Mimi nasafiri Ijumaa."

Sylvia alichutama mbele yake, akamweleza kwa sauti ya chini habari za Jebet, simu, sanduku na vidole. Faith alisikiliza yote.

"Woi, pole yake," alisema. "Mimi nitajichunga, Auntie. Hapa nimetafuta kazi miaka mitatu."

Jina lake likaitwa. Akainyoosha sketi, akatembea hadi mlango wa ndani kwa hatua zilizonyooka, akaingia.

Collins alitoka, akauliza rangi gani ingefaa dirisha lile.

"Yoyote," Sylvia alisema. "Hapa hakuna kitu kizito. Rangi yoyote itakaa."