Kipimo cha Upepo Juu ya Bati la Bibi

Habari za kompyuta hakuna wa kunishinda kuzisimulia, maana sijui lolote la kunichelewesha. Anayejua ni Joanitha, na kujua kwenyewe kulimnyima raha.

Asubuhi hiyo, katika chumba chake cha kupanga Kashai, alishanyanyuka mara tano kuchungulia barabarani. Bwana Alexander wa kamati ya mialo, yaani bandari ndogo za wavuvi, alikuwa njiani kuja kukagua programu yake. Kipimo kilichofungwa nyumbani kwa bibi yake, Izigo, kinatuma kasi ya upepo kila baada ya sekunde tano, nayo inasomeka hapa Bukoba. Mzee akiridhika, vipimo vitapelekwa visiwa vyote vya Muleba, wavuvi waonywe mapema. Asiporidhika, kazi anapewa mtu wa Mwanza.

Kuunganisha pande hizo mbili kulitaka maktaba ya soketi, yaani programu iliyokwishaandikwa na wengine. Zilikuwepo mbili. Moja nzito, yenye mambo mengi, inayofunga kila ujumbe peke yake. Nyingine nyepesi kama mfereji: unamimina huku, unakinga kule. Joanitha aliichagua nyepesi. Mistari minne tu, kazi imekwisha.

"Mfereji haujui namba imeishia wapi," Clavery, mwenzake wa kazi, alimwambia juzi. "Tia hata mkato kati ya namba na namba."

"Mezani kwangu zinakuja moja moja."

"Mezani kwako hakuna milima, dada."

Mkato hakuutia. Sasa ulimwasha kama upupu, akanyoosha mkono kwenye kibodi, na hapo hapo hodi ikapigwa.

Alexander aliketi, kofia gotini. "Umeijaribu?"

"Wiki nzima, mzee. Kutoka Izigo mpaka hapa. Haijakosea hata mara moja."

Skrini ikaandika 12. Ikaandika 14. Joanitha akaanza kupumua. Kisha mtandao ukasita, namba mbili zikangojana njiani, zikaingia zimeshikana: 1315.

"Kilomita elfu moja mia tatu na kumi na tano kwa saa," Alexander alisoma taratibu. "Migomba ya Izigo sasa iko Rwanda?"

"Labda bibi amekigusa kipimo, mzee."

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Akapiga. Bibi Felicitas alisalimia kwa Kihaya mpaka salamu zikamwishia.

"Mama, huko kuna upepo?" Alexander akauliza.

"Upo wa kukaushia gauni tu, waitu, baba."

"Na hicho kipimo, hujakigusa?"

"Nitakigusaje? Kiko juu ya bati, na ngazi ameondoka nayo fundi Julius."

"Aliondoka lini?"

"Sasa hivi, hata chai yake haijapoa. Si ndiyo kwanza amemaliza kukifunga?"

Alexander akamgeukia Joanitha, ambaye alikuwa akiikodolea skrini kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Wiki nzima," akasema mzee.

"Joanitha," bibi akaita kwenye simu, "wiki nzima ya nini? Nimesema vibaya?"