Mikono Mapajani

Hafsa alikuwa akicheza hata pale asipokuwa na mashine. Alicheza ukingoni mwa ungo akipepeta mchele, alicheza kwenye goti lake akiwa amekaa barazani, na Jumamosi ile asubuhi alicheza kwenye nazi aliyokuwa akiikuna, mpaka mama yake akaacha kufagia.

"Vidole vyako vina nini? Umepandwa na shetani wa ngoma?"

"Nafanya mazoezi, mama."

"Ya kukuna?"

"Ya namba."

"Haya. Tangu gesi ije, hata nazi ina namba." Mama akainama kutazama sinia. "Umekuna mpaka kifuu, mwanangu. Leo tutakula mchuzi wa makumbi?"

Kweli, nazi iliyokunwa ilikuwa imetoka na weusi. Hafsa hakuwa ameona. Tangu alfajiri mawazo yake yalikuwa kwenye siku moja tu katika juma: Jumanne.

Jumanne mchana ilikuwa zamu ya wasichana katika sala ya Tio Feliciano, si sala ya kuswali, ni chumba chenye kompyuta sita kuukuu nyuma ya msikiti. Feliciano, aliyeitwa Tio, yaani mjomba, na watoto wote, alikuwa Mmakonde wa Mueda. Aliteremka Palma kufuata kazi za gesi kama walivyoteremka wengine, akakosa nafasi katika kambi ya kampuni, akaishia kufungua chumba cha michezo. Alikuwa na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu kwayo. Adhana ikianza, yeye huzima spika zote, na kila mchezaji huweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa mpaka iishe. Mchezo wenyewe, wa falme zinazopigana vita, haukuwa na namna ya kusimamishwa. Ukiusimamisha, mashine hukatika mawasiliano na kila kitu hupotea. Basi vita viliachwa vijiendee vyenyewe, kimya, na hakuna aliyegusa kitu.

Lakini mji ulikuwa umejaa. Vijana wa mji wa Pemba, wa Nampula, wa Mucojo, wote walikuja kusubiri kuitwa kazini, na kusubiri hakuishi. Waliitaka na Jumanne pia. Msemaji wao alikuwa Abdulcarimo, mtoto wa palepale Palma, bingwa wa mchezo wa falme. "Wasichana wanapanga karata kwenye kompyuta," alisema. "Jenereta linaunguruma bure." Feliciano, asiyependa ugomvi, akaamua: Jumamosi msichana mmoja acheze naye mbele ya watu. Akishinda, Jumanne ni ya wasichana na haitazungumzwa tena. Akishindwa, siku inakwenda kwa wavulana. Wasichana wakamtuma Hafsa kwa kuwa ndiye hodari wao, yaani ndiye aliyekuwa akishindwa polepole kuliko wenzake.

Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa akiburura kipanya, anazungushia jeshi lake lote, askari, wapiga mishale, farasi, anawapeleka wote pamoja hata kama kazi ni kubomoa kibanda kimoja. Vânia, rafiki yake aliyetoka Pemba baba yake alipopata kazi kambini, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ninyi watu wa hapa, pá! Mgonjwa mmoja anasindikizwa hospitali na watu kumi. Na vitani pia?"

"Mtu hatumwi peke yake, mana, dada yangu. Ni aibu."

"Basi leo tuiache aibu. Weka chini hiyo rato, hicho kipanya chako."

Akamfundisha. Unachagua askari, unabana kitufe cha pembeni, unabonyeza moja. Tangu hapo, ukibonyeza moja, askari hao hao wanaitika, popote walipo. Mbili, wapiga mishale. Tatu, farasi. Nne, mashua. Mtu haburuti umati tena, anaita kikundi anachokitaka, anakipa kazi, anaita kingine.

Lilikuwa jambo jepesi kulisema. Siku za mwanzo Hafsa aliita mbili akidhani ni tatu, wapiga mishale wakatembea wenyewe hadi mdomoni mwa adui. Kitufe cha tatu kilikuwa na mchanga ndani, kilitaka kubonyezwa kwa nguvu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Hayo aliyazoea. Asilolizoea ni kuacha. Akiwa na kundi la moja, moyo ulikwenda kwa la nne: mashua zimefika? Zimezama? Anabonyeza nne kuchungulia, na akirudi anakuta la moja linateketea.

"Umeshawatuma," Vânia alisema. "Waache wende."

"Na wakifa?"

"Watakuwa wamekufa. Hutawafufua kwa kuwatazama."

Mchana wa Jumamosi ile, walipokwisha kula ule mchuzi wenye vipande vya kifuu, Hafsa alikwenda. Sala ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Abdulcarimo alikuwa ameshakaa, kofia upande, mguu unatikisika.

"Dada Hafsa, umeshaiaga Jumanne?"

"Nimekuja kukuaga wewe."

Wakacheka. Yeye akavuta kiti, akakaa. Vânia alisimama nyuma ya kiti chake, akamgusa bega mara moja.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Aliita, akatuma, akaita. Kisha Abdulcarimo akakusanya jeshi lake lote na kuja nalo. Lilikuwa kubwa mno, likajaa mbele ya lango lake kama siku ya sikukuu. Magogo ya kubomolea yakaanza kugonga.

"Fungua, dada, una wageni."

"Sijaitikia hodi."

Lakini magogo hayakungoja. Lango lilipasuka ufa. Farasi na mashua alikuwa amewaficha ng'ambo ya mto, na hakuthubutu kuwatuma. Akiwatuma sasa, Abdulcarimo ataona, atarudisha jeshi lake nyumbani, na mambo yataisha. Mji wa Abdulcarimo ulikuwa mtupu. Alikuwa amekuja na watu wake wote, kama msafara wa harusi.

Ndipo ilipokuja kutoka msikitini: puu, puu. Mwadhini alikuwa akipuliza kipaza sauti. Kila adhana alikuwa akipuliza mara mbili kabla ya kuanza, na Hafsa, tangu alipokaa, alikuwa akiisikilizia pumzi hiyo kuliko alivyomsikiliza mtu yeyote mle ndani.

Moja: kaeni langoni. Mbili: pandeni ukutani. Tatu, akakibonyeza kwa nguvu zote: zungukeni mtoni, ikulu yake. Nne: ufukwe wake.

Allahu akbar.

Akaweka mikono mapajani. Feliciano akazima spika. Vichwa vyote vikainama.

Adhana ya alasiri haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Hafsa alitazama kucha zake, zilizobaki na machicha ya asubuhi. Kitufe cha tatu kiliingia? Alikuwa amekisikia kikigota, au ni jenereta? Farasi huenda wamesimama palepale wanakula majani. Lango huenda limeshaanguka. Shingo ilimuuma kwa kutaka kuinuka. Kwa pembe ya jicho aliona kitu chekundu kikimetameta kwenye kioo, hakujua ni moto wa nani. Waache wende, akajiambia. Jumanne yote, wasichana wote waliokuwa wakimngoja nyumbani kwao, walikuwa ndani ya kitufe kimoja chenye mchanga, na yeye ameshika magoti yake.

Adhana ikaisha. Vichwa vikainuka.

Lango lilikuwa limevunjika. Nusu ya askari wake walikuwa wamelala. Na kule upande wa pili, ikulu ya Abdulcarimo ilikuwa ikiwaka pande zote, farasi wameizunguka, mashua zinairushia mawe.

"Haa!" Abdulcarimo akaburura kipanya, akazungushia jeshi lake lote, akaliamuru lirudi. Likageuka lote kwa pamoja, likabanana kwenye lile lango alilolivunja mwenyewe, likakwama. Hafsa akabonyeza tatu. Ikulu ikaanguka, mchezo ukaisha.

Chumba kikalipuka. "Ametega!" Abdulcarimo alikuwa amesimama. "Amepigana wakati wa adhana!"

"Mikono yake niliiona mapajani," akasema Feliciano. "Na mimi ni Mkristo, jamani, msiniingize kwenye adhana yenu."

"Alisikia kipaza sauti! Alijua!"

"Nilijua," akasema Hafsa. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nawe ulijua, unaishi hapa hapa. Na watu wako je? Walipokuwa wanavunja lango langu, walisimama kusikiliza?"

Mtu dirishani akacheka, akajiziba mdomo. Abdulcarimo alitazama huku na huku. "Sawa. Jumanne wachukue. Lakini kwanza aniombe radhi, hapa, mbele ya watu."

Feliciano akashusha pumzi kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Omba tu, mwanangu, yaishe. Neno moja."

"Liseme, mana," Vânia akanong'ona. "Twende zetu."

Vidole vya Hafsa vilikuwa bado vikigonga pajani, moja, mbili, tatu, nne. Akavitazama mpaka vikatulia. Alifikiri jinsi neno hilo litakavyorudiwa Jumanne ijayo, na ile inayofuata: wamekaa hapa kwa msamaha.

"Tulikubaliana nikishinda Jumanne ni yetu," akasema, akiinuka na kupanga ushungi wake. "Nimeshinda. Jumanne tutakuja mchana, Tio, utatufungulia mlango kama kawaida."

"Na radhi?" akauliza Abdulcarimo.

"Siombi."