Hatua Kumi za Verlin Otisi

Usingizi ulionichukua Jumamosi ile mchana haukuwa wa uchovu. Ulikuwa wa mtu anayeikimbia simu yake mwenyewe. Kila asubuhi saa moja, isipokuwa Jumapili, mimi Tausi huwasomea wasikilizaji wa redio yetu hapa Mpanda kipindi kifupi cha michezo ya Marekani: nani alizaliwa tarehe kama ya leo, nani alishinda, nani alianguka. Wiki moja kabla, mtandao ulikatika nikabakiwa na dakika mbili za kujaza, nikabuni mtu. Nikasema leo ni siku ya kuzaliwa ya Verlin Otisi, mkimbiaji aliyekuwa akiongoza, akasimama hatua kumi kabla ya utepe, akarudi kumbeba mpinzani wake aliyeanguka. Muda ukaisha, nikaweka muziki, nikajipongeza kimoyomoyo kwa ujanja wangu. Sasa Jumamosi hii akapiga simu Bwana Sosthenes Kapufi, fundi baiskeli, sauti ikitetemeka kwa furaha. Mwanawe alizaliwa asubuhi ileile ya kipindi kile, na kesho kanisani anabatizwa Verlin. "Dada Tausi, jina hilo umetupa wewe," akasema hewani, wilaya nzima ikisikia. Nikamwambia hongera. Kisha nikarudi nyumbani nikajitupa kitandani na viatu.

Nikajiona nimesimama katika uwanja usio na mwisho. Mahali pa viti palikuwa na milango, kila mlango na tarehe yake, na nyuma ya kila mlango dakika moja ya zamani ilikuwa ikiendelea bila kuchoka. Nilichungulia mmoja nikaona mpira wa kikapu ukining'inia juu ya pete, sekunde ya mwisho, na maelfu ya watu wamezuia pumzi. Katika mwingine bondia alikuwa amepiga goti na mwamuzi amehesabu hadi tisa. Katika wa tatu mpira wa besiboli ulikuwa ukipaa kuvuka ukuta, na aliyeupiga bado ameshika gongo, haamini. Kando ya kila mlango mwanamke alikaa kwenye kigoda amepakata kichanga, mama wa aliyezaliwa siku hiyo, na wote walinitazama bila kunisalimu. Niliogopa macho yale kuliko giza.

Wawili tu walinichangamkia. Mmoja alikuwa Haraka, bwana mwembamba mwenye saa tele mkononi, na mwingine Sifa, bibi mnene anayenukia marashi, akipiga makofi yasiyokoma. "Karibu nyumbani, mwenzetu!" wakasema, wakanishika mikono, mmoja kila upande. Ndipo ikasikika filimbi, wakaniachia. Mwanamke mrefu mwenye sare nyeusi ya mwamuzi alikuja polepole, akajitambulisha kuwa ni Hakika.

"Hawa unawajua siku nyingi," akasema. "Mimi siku ile hukunitafuta."

"Mtandao ulikuwa umekatika, mama. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza dakika mbili. Watu wangedhani redio zao zimeharibika, wangezigongagonga, basi. Sasa njoo umwone uliyemleta."

Mlango alioufungua ulikuwa na kigoda kitupu. Ndani, kwenye njia ya mbio, mtu alikuwa anakuja kwa kujikokota, amebeba mzigo begani, na hakuwa na uso. Pale pa macho na mdomo palikuwa na ngozi tu, kwa sababu sikuwahi kumpa sura. Hatua kumi mbele yake utepe ulikuwa ukipepea. Akapiga moja, akapiga ya pili, na utepe ukabaki palepale. Miguu yake ilikuwa inavuja damu. Nilitaka kukimbia, Hakika akanishika bega.

"Ulisema alimbeba mwenzake," akaniambia. "Hukusema walifika. Muziki uliingia."

Yule mtu akasimama mbele yangu. Sauti yake ilitoka kifuani. "Dada, umenipa siku ya kuzaliwa. Mama yangu ni nani?" Nikakigeukia kile kigoda kitupu. Akashusha mzigo taratibu, nami nikaona si mkimbiaji. Ni kichanga kilichofungwa khanga. "Kesho wananikabidhi huyu awe wajina wangu. Nimpe nini? Mimi nina miguu na bega tu." Akakigusa kichanga paji la uso, na pale alipogusa nyusi zikafutika. Kisha jicho moja likaanza kufifia. Nikafungua kinywa nipige kelele, "Hakuwapo! Nilidanganya!" Badala ya maneno yakatoka makofi, makofi mengi, na jicho la pili likaanza kwenda.

Niliamka nimeng'ang'ania mto, jasho linanitiririka, jua bado liko juu dirishani. Nilijua wazi, bila mtu kunifafanulia, kwamba nilichokiita kujaza muda kilikuwa kinakwenda kujaza maisha ya mtoto wa watu, na kwamba yule asiye na uso hataniacha mpaka niseme. Kazi ningeipoteza, ndiyo. Nikapiga simu, nikamweleza Bwana Kapufi yote, bila kujitetea, nikamwambia Jumatatu nitayasema hewani.

Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, na mwanamke akimbembeleza.

"Asubuhi ile nilikuwa kwenye benchi ya wodi," akasema hatimaye. "Daktari alishasema huenda tukawakosa wote wawili, mama na mtoto. Niliogopa, dada. Nilishainuka niondoke nisije nikasikia. Redio ya mlinzi ikamtaja yule mtu aliyerudi. Nami nikarudi, nikakaa."

"Nisamehe, kaka."

"Hakuna aliyerudi, basi."

"Hakuna aliyekimbia, kaka, wala aliyeanguka. Aliyerudi ni wewe peke yako."

Akavuta pumzi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, bila hasira, "Kanisani ni saa mbili. Sasa nimwite nani?"

Na mimi, mwenye jina la mtu kwa kila siku ya mwaka, sikuwa na hata moja la kumpa.