Timu ya Moyo ya Wakonzo

Aliyeanzisha yote ni nesi Kellen, na bado nampenda. Aliwaambia wagonjwa wa kisukari kwenye zahanati ya kambi yetu ya jeshi, hapa Kasese, kwamba madaktari wanataka kujua kwa nini, kati ya watu wenye sukari, ugonjwa wa moyo hushika makabila mengine zaidi ya mengine. Wiki ijayo kila mgonjwa angepimwa moyo kwa mashine.

Kuwaambia wanajeshi wastaafu jambo kama hilo ni kuwarushia mpira. Chai haijapoa, ligi imeanza. Mugume, Mnyankole, alidai maziwa yamewalinda watu wake. Acan akawatetea Waacholi kwa ulaji wao wa simsim. Mume wangu Bwambale, koplo mstaafu wa Bwera, naye ana sukari, akajitangaza kapteni wa Wakonzo: mtu aliyepanda milima tangu utotoni, moyo wake utaugulia wapi? Mimi ni Mlangi, nikacheka tu.

Basi kapteni akaanza mazoezi. Jumapili alikwenda Bugoye kupanda kilima, akarudi uso umempauka, jasho linamtoka, pumzi hazimtoshi. Alisema hana maumivu, ni uchovu. Lakini Kellen alikwisha kutuonya kwamba sukari inaweza kuficha maumivu ya moyo. Nikambembeleza twende hospitali. Akakataa katakata, eti akionekana mgonjwa Wakonzo watashika mkia. Nilimkasirikia sana, na niliogopa kuliko nilivyokasirika.

Siku ya kupimwa nikaujua ujanja wake. Kwa Wakonzo jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale. Ukoo wao una akina Bwambale wa kujaza lori. Mpimaji alikuwa mgeni, hamjui mtu, na Kellen alikuwa chumba cha dawa. Alipoita jina, akainuka binamu yake mume wangu, naye Bwambale, mbeba mizigo wa Mpondwe ambaye hajawahi kuugua hata mafua. Mashine ikamkuta mzima kabisa, Wakonzo wakashangilia. Mume wangu alikuwa benchi la nyuma, anacheka huku anahema.

Nikasimama mbele ya watu wote.

“Huyu si yeye,” nikamwambia mpimaji. “Ile Bwambale ya sukari ni bwana yangu, iko pale nyuma. Tangu Jumapili pumzi inamukatikia.”

Wakonzo walinitazama kama mwizi wa kuku. Mume wangu aliona aibu mpaka nikamhurumia.

“Bibi, umetuuza,” akasema.

“Afande, Wakonzo beko wengi. Mimi niko na wewe moja tu.”

Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, nikamsaidia. Mpimaji akambandika nyaya kifuani. Karatasi ilipotoka Kellen alikuja kuisoma, na hapo hapo akaita gari.

Hospitalini daktari alituambia mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba, na kwamba tumewahi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Garini mume wangu alikuwa amelala amenishika mkono, ananung’unika kwamba Mugume sasa atafurahi. Kwa alivyolala, hakuweza kumwona. Mugume alikuwa ameketi miguuni pake, amebeba viatu vya mume wangu, analia.