Nipe Mgongo

Nesi alibonyeza kwa kidole doa jekundu kwenye nyonga ya kushoto ya mume wangu, akaachia. Doa halikupauka hata kidogo. Lilibaki vilevile, limevimba, lina joto.

"Bibi, ngozi hii ikipasuka, kidonda kitachimba mpaka mfupa," aliniambia. "Hapo itabidi apelekwe hospitali, na kwa umri wake..."

Kisa chote ni ubishi. Hapa kwenye nyumba ya wazee tunalala kitanda kwa kitanda, na mzee wangu hulalia ubavu wa kushoto ili anione. Wakimgeuzia kulia, anang'oa mto waliomwekea mgongoni, anarudi palepale. Kichwa kigumu huyo, sijapata kuona!

"Si mbadilishe vitanda vyetu?" niliuliza.

"Mpira wako wa hewa ya kupumulia umefungwa ukutani, bibi. Fundi wa kuuhamisha anakuja kesho."

Kesho! Ngozi itamngoja fundi? Niliogopa, sifichi.

Wakamgeuza tena. Punde mkono ukaanza kupapasa mto.

"Baba watoto, tulia huko huko!"

"Nitulie nitazame nini? Ukuta?" Akajipindua, akanitabasamia kwa meno yake mawili.

Hapo nikaamua. "Ukuta unakutisha nini, mwashi mzima? Au unakukumbusha nyumba uliyotujengea? Ilipinda yote! Majirani walikuwa wanatucheka."

Tabasamu likamtoka. "Nani alicheka?"

"Wote. Bora ningeolewa na yule seremala."

"Bibi, jamani!" Nesi alishika mdomo.

Mume wangu alinitazama, macho yakamjaa maji. Kisha akashika chuma cha kitanda, akajivuta mwenyewe na kunipa mgongo, kama afanyavyo siku zote tukikosana. Nesi alimwekea mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Safari hii hakuugusa mto. Nililala nikiutazama mgongo ule, roho inaniuma, huku naomba hasira zisimwishe mapema.

Baadaye nikamsikia akisema, taratibu, kaelekea ukutani:

"Mama watoto... ni kweli, ya seremala?"

Seremala gani! Hata sura yake siikumbuki. Lakini nikimjibu tu, atageuka.

Niliuma shuka, nikajifanya nimelala.