Kiti cha Mbele

"Usimshike!"

Zuhura alimfokea mumewe, na mikono ya Salehe ikaganda hewani.

Bi Mwamvita alikuwa mlangoni mwa gari kubwa la Leonard, dereva mwenzake Salehe, nusu ndani, nusu nje, mguu wake wa kushoto umenyooka ndani ya hogo jeupe la plasta kuanzia pajani hadi unyayoni. Leonard alimkamata kwapani, Zuhura kiunoni. Salehe akarudi nyuma, macho chini. Mkwe ni mkwe. Tangu amuoe Zuhura hajawahi kumpa mama huyu mkono, hajawahi kula naye sinia moja. Hata shikamoo aliitoa akiwa mbali, na maneno mengine yote yalipitia kwa Zuhura. Ndivyo heshima ilivyotunzwa huku milimani juu ya Bigwa, na mfupa kuvunjika haukuwa umeitangua.

Lakini mguu haukuwa na subira. Mama alikuwa ameteleza kwenye migomba yake, akafungwa hogo mjini na kurudishwa nyumbani ameketi nyuma ya pikapu ya wauza mboga. Leo pikapu ilikuwa Dar na mzigo, na vidole vilivyochungulia kwenye hogo vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau, baridi kama mawe ya mtoni. Nesi alimjibu Zuhura kwenye simu kwa ufupi: mleteni sasa hivi, mguu usije ukafa.

"Moja, mbili, juu!" alisema Leonard.

Sakafu ya gari lile ilikuwa juu mno. Hogo liligonga ukingo wa mlango, na Bi Mwamvita, ambaye hakulia siku aliyoanguka, akapiga yowe lililowatoa majirani ndani. Wakamteremsha, wakamkalisha kwenye kigoda.

"Basi tukunje viti vya nyuma, alale," Leonard alisema, jasho likimtiririka. "Humu godoro zima linaingia, shemeji. Nafasi ya kuchezea mpira!"

"Zuhura," mama alisema, pumzi zikikatika. "Mwambie huyo rafiki wa mumeo, anayeshushwa mlima huu amelazwa ndani ya gari ni maiti. Mimi nitashuka nimeketi."

Leonard akafunga mlango wa gari lake.

Salehe akaligeukia gari lake. Teksi nyeupe, ya chini, imejikunyata uani kama kuku anayeatamia. Kijiweni Leonard hakuchoka kumtania: "Hilo si gari, ni mkeka wenye magurudumu." Naye humjibu: "Lako ni dari. Abiria wangu wanakaa kama sebuleni." Leo asubuhi, mguu ulipobadilika rangi, Zuhura alimpigia Leonard, si mumewe. Hilo lilikuwa limemchoma Salehe, akalifuata gari la Leonard bila kuitwa, tumbo la gari likikwaruza mawe njia nzima.

Alifungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto.

"Mwambie mama ajaribu kuketi."

Bi Mwamvita aliegemea bega la binti yake, akageuka, akajishusha. Hakunyanyuliwa na mtu. Kiti kilimpokea pale pale nyonga zilipokuwa, sponji mpya, kitambaa cha maroni alichokichagua Salehe mwenyewe. Mama akashusha pumzi.

Kisha wakajaribu kuuingiza mguu. Kisigino kikagonga mgongo wa kiti cha mbele. Salehe akakisukuma kiti hadi mwisho, bado. Wakaulaza mguu kwa upana. Mlango ukagoma kufunga.

"Kiti kitamu, nafasi hakuna," Leonard alisema. Safari hii hakuwa akitania.

Salehe alitoa spana kwenye buti, akapiga magoti. Boliti za kiti cha mbele zilitii, isipokuwa moja ya nyuma, iliyokuwa imeliwa na kutu hadi kichwa kimelainika. Gari hili analiosha kila alfajiri, analing'arisha kama kioo, wala hajawahi kuinama kutazama chini ya kiti hiki.

"Mume wangu, vidole vinazidi kuwa vyeusi!"

"Leonard, shika huko. Vuta."

"Ukiking'oa hivyo hakirudi tena, kaka. Teksi gani isiyo na kiti cha mbele?"

"Nimesema vuta!"

Chuma kililia. Kiti kikatoka na kipande cha sakafu, wakakitupa kwenye migomba. Pale kilipokuwa wakaweka kiroba cha maharage, juu yake mto, na juu ya mto kisigino cha mama. Mguu ukanyooka. Ndipo wote wakaona ulipoishia: kando kabisa ya gia.

Zuhura akaufunika unyayo kwa kanga. Mama akageuzia uso dirishani.

Wakateremka. Leonard alitangulia, akipiga honi kusafisha njia. Kila Salehe alipovuta gia ya pili, kiganja chake kilipita sentimita chache kutoka kwenye kanga ile, naye akakikunja kama anayepita karibu na moto. Jiwe likakwaruza chini. Jingine. Gari likaruka, kanga ikateleza.

Vidole vikabaki wazi. Zuhura, aliyembana mama yake kwa mikono yote miwili, asingeweza kuvifikia.

"Salehe."

Alishtuka. Hajawahi kusikia jina lake likitoka kinywani humo.

"Mimi sivisikii tena. Vishike, uniambie kama vina joto."

"Mama, mkono ulio huru ni wa kushoto."

"Ndio huo huo."

Akaachia gia. Akavifumbata vidole vitano kiganjani, vigumu, bado baridi, vyenye udongo wa shambani kwenye kucha, akaanza kuvisugua. Njia ikaanza kulala tambarare, nyumba za kwanza za Bigwa zikatokea, na injini ikapandisha sauti, ikidai gia ya tatu. Salehe akaiacha ilie, kiganja kikiwa pale pale.